Hata kumbukumbu ya tarakilishi ina sarufi yake

Shule zetu nyingi za sekondari zina maabara za tarakilishi zilizojaa mashine kuukuu, aghalabu zile zilizokwisha kutumika ng'ambo au maofisini kabla ya kufika mikononi mwa wanafunzi. Kuwa na mashine kuukuu si aibu. Aibu ni kuzitupia fedha za wazazi bila kujua kinachonunuliwa, na hilo hutendeka mara nyingi shule inapoamua kuziongezea mashine hizo kumbukumbu ili ziache kujikokota.

Mwaka jana mwalimu mmoja wa somo la tarakilishi alinionyesha hati ya ununuzi ya shule yake. Ilikuwa na maneno machache tu: vibao 20 vya kumbukumbu, gigabaiti 4 kila kimoja. Muuzaji alileta vibao 20 vya gigabaiti 4. Hakuna hata kimoja kilichofanya kazi. Mashine zilipowashwa zililia tu, vioo vikabaki vyeusi. Shule ilipolalamika, muuzaji aliionyesha hati yake yenyewe, na kwa haki kabisa: alikuwa ameleta alichoagizwa.

Mimi ni mwalimu wa isimu, si fundi wa mitambo, na huenda msomaji akauliza haya yananihusu nini. Yananihusu kwa sababu kosa lile lilikuwa la lugha. Kusema "gigabaiti 4" ni kutaja kiasi bila kutaja ngeli. Ni kama mwanafunzi aandikaye "kitabu limeanguka": maneno yote yapo, ila hayapatani.

Ngeli ya kumbukumbu ni kizazi chake. Baada ya DDR ya kwanza ilikuja DDR2 mwaka 2003, DDR3 mwaka 2007, DDR4 mwaka 2014, kisha DDR5, ambayo kanuni zake zilitangazwa mwaka 2020. Kila kizazi hutumia umeme wake: voti 1.5 kwa DDR3, 1.2 kwa DDR4, 1.1 kwa DDR5. DDR2 na DDR3 zote zina pini 240, nazo DDR4 na DDR5 zina 288. Hata hivyo, pengo lililokatwa ukingoni mwa kibao limewekwa mahali tofauti katika kila kizazi, makusudi, ili kisiingie pasipo pake. Anayekishindilia kwa nguvu atauharibu ubao mkuu, ule mafundi wanaouita mazabodi, na hapo hasara itakuwa maradufu.

Laiti mambo yangeishia hapo! Vipo vibao vya DDR3 vilivyotolewa katika seva, ambavyo huuzwa kwa bei ya kutamanisha. Pini ni 240 zile zile, pengo liko pale pale, kibao huingia bila taabu. Lakini tarakilishi ya kawaida ya mezani haiwezi kukitumia, kwani kati ya chipu zake na kichakataji pana kipokezi cha ziada ambacho mashine hiyo haikuundwa kukielewa. Mnunuzi huona bei, muuzaji huona mteja, na herufi moja tu kwenye lebo ingeyaepusha yote.

Hebu tuitazame lebo hiyo, maana hapa ndipo mwanaisimu anapofurahi. Chukua kibao kilichoandikwa 2Rx8 PC3-12800U. Hili ni neno lenye viambishi. 2R ni safu mbili za chipu; x8 ni kwamba kila chipu hutoa biti 8 kwa wakati mmoja. PC3 ni kizazi cha tatu. 12800 ni megabaiti zinazoweza kupita kwa sekunde: mwanafunzi akigawanya kwa 8, kwa kuwa njia ya data ina upana wa baiti 8, atapata 1600, ambayo ndiyo kasi wauzaji wanayoitaja. U ya mwisho ni ya kibao cha kawaida cha mezani. Ingekuwa R, kibao ni cha seva. Ingekuwa S, ni kifupi cha tarakilishi ya mkononi. Katika DDR4 lahaja imebadilika kidogo: PC4-2400 hutaja kasi yenyewe, haihitaji kugawanywa.

Aidha, ubao mkuu una mipaka yake. Mbao zilizojengwa juu ya chipu za Intel G41, za mwaka 2008, hazikubali zaidi ya gigabaiti 8, na hazisomi chipu zenye zaidi ya gigabiti 2 kila moja. Kwa hiyo kibao cha gigabaiti 4 chenye chipu 16 husomeka, na ndugu yake wa kiasi hicho hicho mwenye chipu 8 hakisomeki sawasawa, au mashine haiwaki kabisa. Hivyo viwili huwekwa katika kasha moja dukani.

Na hata kibao kikikubaliwa, mfumo endeshi wa biti 32 huweza kuhesabu anwani 4,294,967,296 tu, yaani gigabaiti 4, na sehemu ya hizo huchukuliwa na vifaa vingine. Kuiwekea mashine yenye Windows ya aina hiyo gigabaiti 8 ni kununua kitanda cha watu wawili na kukiweka katika chumba kisichokitosha.

Wapo watakaosema kwamba hii ni kazi ya fundi. Sikubaliani nao. Fundi hulipwa kibao kikifanya kazi, na hulipwa tena kikikosa. Hati ya ununuzi na iandikwe na mwalimu wa somo, si na karani wa fedha, nayo itaje kizazi, aina, kasi, idadi ya chipu na jina la ubao mkuu. Kibao kimoja kijaribiwe katika mashine moja kabla ya 19 vilivyobaki kulipiwa. Kazi ya kufungua kifuniko na kunakili lebo wapewe wanafunzi wenyewe, umeme ukiwa umezimwa. Watajifunza mengi kuliko kukariri fasili ya kumbukumbu daftarini.

Mwalimu mkuu pia afahamu anachokinunua. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haidai kumbukumbu peke yake; hudai pia kichakataji kilichomo katika orodha yake. Mashine ya DDR3 ikiongezewa kumbukumbu itaendesha Linux vizuri kwa miaka kadhaa, lakini si lazima itoshe kwa Windows mpya. Swali hilo lijibiwe katika mkutano wa bodi, kabla hati haijatiwa sahihi.