Gemu zatuuliza: Nani alisema shujaa lazima awe mwanamume asiyelia?

MNAMO 1986 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa gemu iitwayo Metroid. Mchezaji alimwongoza Samus Aran, mwindaji aliyevaa chuma toka utosini hadi unyayoni, akipita kwenye mapango ya sayari ngeni na kupambana na viumbe vya kutisha.

Kitabu cha maelezo kwa Kiingereza kilimtaja Samus kama mwanamume. Lakini aliyeimaliza gemu hiyo haraka alipewa zawadi mwishoni. Samus alivua chuma chake, na kumbe alikuwa mwanamke!

Hebu tafakari hilo. Wavulana chungu nzima waliotoa jasho kuimaliza gemu ile walikuwa wamecheza kama mwanamke muda wote bila kujua. Vidole vyao havikufa ganzi. Bunduki haikukataa kulipuka. Mshangao ulikuja kwa sababu moja tu: kila mtu alikuwa ameshaamua kwamba aliye ndani ya chuma ni mwanamume.

Sisi tunaozungumza Kiswahili tunaweza kujigamba kwamba lugha yetu haina shida hiyo. Kiingereza kina neno la "yeye" wa kiume na jingine la "yeye" wa kike. Sisi tuna "a" moja tu: alikuja, alipigana, alishinda. Kitabu kile kingeandikwa kwa Kiswahili, siri ya Samus ingehifadhika bila mtu kudanganywa.

Lakini tusijisifu mapema. Mwambie rafiki yako, "Rubani alitua salama," kisha umuulize rubani huyo anaitwa nani. Huenda akakupa jina la mwanamume. Mwambie, "Muuguzi alikuja," atakupa jina la kike. Lugha haijataja jinsia, ila vichwa vyetu vimeshajaza pengo.

Ndiyo maana siamini kwamba gemu zenye hadithi ni upuzi wa kupoteza wakati, jinsi wazazi wengi wanavyodhani. Kitabu hukusimulia alichofanya shujaa. Filamu hukuonyesha. Gemu hukupa padi mkononi na kukuambia: haya, fanya wewe. Usipobonyeza, hadithi inasimama pale pale. Kwa hivyo swali la nani anaruhusiwa kuwa shujaa, na shujaa wa aina gani, si swali dogo.

Tuanze na wanaume. Chukua God of War, gemu ambayo mabarobaro wengi humu nchini wanaifahamu vizuri. Ilianza 2005. Kratos, askari wa Sparta, alihadaiwa na Ares, mungu wa vita, akawaua mkewe na bintiye kwa mikono yake mwenyewe. Majivu yao yaligandama kwenye ngozi yake, ndiyo sababu ni mweupe pe. Baada ya hapo, gemu baada ya gemu, kazi ya mchezaji ilikuwa kulipiza kisasi. Kratos ana uchungu usiosemeka, na njia karibu pekee aliyopewa ya kuutoa ni hasira.

Huyo ni mwanamume tunayemjua, bana. Hata hajatoka Ugiriki, ametoka hapa mtaani. Ni yule aliyeambiwa tangu akiwa na miaka mitano kwamba wanaume hawalii. "Jikaze kisabuni." "Wacha kulia kama msichana." Akifutwa kazi ananyamaza. Akifiwa ananyamaza. Siku akifungua kinywa, kinachotoka ni matusi au ngumi, na wa kwanza kupatwa ni walio karibu naye nyumbani.

Kisha 2018, watengenezaji wakamrudisha Kratos akiwa mtu tofauti. Amezeeka. Anaishi kaskazini, nchi ya baridi na miungu mingine. Alioa tena, na mke huyo, Faye, amefariki. Ombi la marehemu ni kwamba majivu yake yamwagwe kwenye kilele kilicho juu kuliko vyote. Kratos anafunga safari na mwanawe Atreus, kijana mdogo ambaye hajui hata ataongea naye vipi.

Mwanzoni, baada ya mvulana huyo kuua kulungu na kutikiswa na alichofanya, Kratos ananyoosha mkono kuelekea kwa mwanawe kana kwamba anataka kumfariji. Mkono unasita, kisha unarudi. Hakuna maneno yanayosemwa. Wengi wetu tuliolelewa na akina baba wa sampuli hiyo tunaujua mkono ule.

Kinachonivutia si kwamba Kratos amekuwa laini. Bado ana shoka, na bado akikasirika ni balaa. Ila mchezaji aliyezoea kubonyeza na kuua sasa anatumia saa nyingi akiwa baba anayejifunza kusema ukweli, hasa ukweli kuhusu maovu aliyotenda zamani. Mwanamume mwenye nguvu kuliko wote amepewa kazi iliyo ngumu kuliko kuua mazimwi: kuzungumza na mtoto wake.

Je, wachezaji wa kiume waliikimbia? Wapi! Gemu hiyo imeuza zaidi ya nakala milioni 20. Yaani kiu ipo. Vijana wa kiume wanataka hadithi inayowaruhusu kuhuzunika bila kuvuliwa uanaume wao. Ni jamii inayowanyima, halafu inashangaa wakilipuka.

Upande wa wasichana mambo ni magumu zaidi. Kwa miaka mingi kazi ya mwanamke kwenye gemu ilikuwa kutekwa nyara. Katika Donkey Kong ya 1981 mwanamke amechukuliwa na sokwe. Katika Super Mario Bros. ya 1985 binti mfalme anangoja kuokolewa. Yeye hana safari yake. Ni kama kombe tu linalongoja mshindi mwishoni mwa ligi.

Mnamo 1996 Uingereza ikatupa Tomb Raider na Lara Croft, mtafiti wa mambo ya kale, msomi na jasiri wa kuruka magenge. Hatua kubwa hiyo. Lakini matangazo yalimuuza kwa kifua na kaptula kuliko kwa ujasiri wake, na wachezaji wengi wa kiume hawakuona neno.

Linganisha na 2020, The Last of Us Part II ilipotoka. Abby ni askari mwenye mikono minene ya mtu anayenyanyua vyuma. Babake aliuawa, naye ametumia miaka mingi kujijenga ili alipize kisasi. Anamuua Joel, mhusika aliyependwa sana, halafu gemu inakugeuzia kibao: inakupa padi na kukutaka ucheze kama huyo huyo Abby.

Waliochukia kwa sababu ya Joel nawaelewa. Lakini wengine walichukia misuli. Walidai ati mwanamke hawezi kuwa na mwili kama ule. Hasira zilifika kiwango cha Laura Bailey, mwigizaji aliyempa Abby sauti, kutumiwa vitisho vya kuuawa. Mtu halisi alitishwa maisha kwa ajili ya mtu wa kuchorwa!

Nionavyo, tofauti kati ya Lara wa 1996 na Abby ni moja. Umbo la Lara lilichorwa ili litazamwe. Umbo la Abby lilichorwa ili lifanye kazi yake mwenyewe. La kwanza lilipigiwa makofi, la pili likaitwa kosa. Na hilo si la Marekani pekee. Muulize msichana yeyote anayefanya mazoezi ya kunyanyua vyuma hapa kwetu ni mara ngapi ameambiwa atakuwa kama dume na akose wa kumuoa.

Wapo watakaosema ni biashara tu, kwamba shujaa wa kike hauzi. Dontnod, kampuni ya Ufaransa, iliambiwa vivyo hivyo na baadhi ya wasambazaji ilipokuwa ikitafuta wa kuitoa gemu yake Remember Me, iliyotoka 2013 ikiwa na shujaa wa kike. Miaka miwili baadaye kampuni hiyo ikatoa Life is Strange, kuhusu Max, mwanafunzi wa kike anayegundua kwamba anaweza kurudisha wakati nyuma, na urafiki wake na Chloe. Mamilioni ya watu waliicheza. Hofu ilikuwa ya wenye pesa, si ya wachezaji.

Sasa turudi nyumbani. Ingia kibanda chochote cha gemu mtaani, pale ambapo unalipa shilingi chache kwa mechi moja. Utakuta wavulana wamebanana mbele ya skrini, na mara nyingi ni kandanda inayochezwa. FIFA 16, iliyotoka 2015, ndiyo ya kwanza katika mfululizo huo kuwa na timu za wanawake, timu 12 za taifa. Jaribu kuchagua mojawapo pale kibandani uone utakavyochekwa.

Msichana akiingia hapo, swali la kwanza ni, "Unamtafuta nani?" Hakuna ilani ukutani inayomkataza. Hata hivyo, kila mtu anajua kwamba saa hizo anatarajiwa awe nyumbani akiosha vyombo au akipika, ilhali kakake yuko "nje tu, anapumzika". Ndiyo, muda wa kucheza ni mali, na katika nyumba nyingi tunaugawa kwa jinsia kama tunavyogawa shamba.

Ndiyo maana ninamheshimu Sylvia Gathoni, anayejulikana kama QueenArrow, mchezaji wa Tekken kutoka Nairobi. Mnamo 2018 alisajiliwa na UYU, timu ya kimataifa ya michezo ya kielektroniki, na kuwa Mkenya wa kwanza wa kike kufika hapo. Alipenya. Lakini jamii haipaswi kuwalazimu wasichana wawe wa ajabu ndipo waruhusiwe kushika padi.

Wala tusiwatupie Wazungu na Wajapani lawama zote. Hata hadithi zetu zina mitego yake. Luanda Magere, shujaa wa Waluo, alikuwa na mwili kama jiwe usiopenywa na mkuki. Maadui wakamwoza binti yao, naye akagundua kwamba nguvu za mumewe zimo kivulini. Mwanamume ni mwamba, mwanamke ni msaliti. Vizazi vingapi vimelala usingizi baada ya kusikia hivyo?

Lakini tunayo mengine. Mnamo 1913 Mekatilili wa Menza aliwahamasisha Wagiriama kuwapinga Waingereza na amri zao za kodi na kazi za lazima. Alitumia ngoma ya kifudu kuwakusanya watu. Alipokamatwa na kupelekwa mbali magharibi mwa nchi, alitoroka na kurudi Pwani. Fikiria gemu ambapo wewe ndiwe Mekatilili: huna bunduki, una sauti na miguu, na kila kijiji lazima ukishawishi kwa maneno.

Si ndoto ya mchana. Kule Yaoundé, Cameroon, kampuni ya Kiro'o Games ilitoa gemu yake Aurion mnamo 2016. Mwanamfalme Enzo anapinduliwa siku ya kutawazwa na kuoa. Mkewe Erine hangoji kuokolewa kasrini. Wanasafiri pamoja, wanapigana pamoja, na wanashauriana. Ndoa ya watu wawili wanaosaidiana, kutoka Afrika, kwenye gemu.

Najua watakaonijibu: "Gemu ni burudani, usituletee siasa." Ndugu yangu, binti mfalme aliyetekwa alikuwa somo pia. Mwanamume asiyelia alikuwa somo pia. Hatukuyaona kuwa masomo kwa sababu tulikuwa tumeshakubaliana nayo.

Sidai kwamba gemu itamaliza ukatili wa kijinsia. Mtu anaweza kumaliza God of War leo na kumtusi mkewe kesho. Maelfu ya Wakenya walioandamana Januari 27, 2024 kupinga mauaji ya wanawake walitaka sheria ifanye kazi, na walikuwa sahihi. Lakini sheria huja baada ya ngumi kurushwa. Hadithi huja mapema, mtoto akiwa bado anajifunza mtu mwenye uchungu hufanya nini.

Kwa hivyo mzazi, ukimpata mwanao mbele ya skrini, usiulize tu ataizima saa ngapi. Keti kidogo. Muulize huyo anayemchezesha ni nani, anapigania nini, na kama angefanya alivyofanya. Unaweza kushangaa mvulana wako ana maneno mengi kuliko ulivyofikiri.

Nanyi vijana mnaojifunza kutengeneza gemu, msitupe Kratos wa 2005 aliyevalishwa shuka la Kimaasai. Tupeni baba anayeomba msamaha. Tupeni msichana mwenye safari yake mwenyewe.

Na likizo ijayo, katika kila nyumba yenye kaka na dada, kuwe na zamu mbili zinazobadilishana kila siku: zamu ya padi na zamu ya sufuria.