Mzazi na Zamu ya Alfajiri



Mama wa zamu ya asubuhi kule Athi River huamka saa kumi ya usiku. Mtoto wake wa miaka miwili alilia mpaka saa nane. Sasa hubebwa mgongoni gizani, apelekwe kwa jirani, ndipo mama akimbilie matatu. Akichelewa kidogo langoni, hukatwa mshahara. Sheria ya Kazi ya 2007 yampa mama likizo ya miezi 3, na baba majuma 2. Baada ya hapo, mtoto ni wa nani? (Akina baba nao wajifunze kupika uji.)

Twataka mapatano yajayo na waajiri yaandikwe hivi: wazazi wa watoto wasiotimiza miaka 3 waanze kazi saa mbili. Makatibu wa matawi, tuleteeni majina yao.