Mawe ya Mtongwe na Tingatinga la Dongo Kundu

Mzee wa Timbwani ukimuuliza historia ya kwao, atakutajia Thelatha Taifa, atakutajia Mreno na Mazrui, na hapo atakuwa amemaliza. Kumbe kuna watu waliokaa bara hii ya Likoni kabla ya wote hao. Hawakuacha msikiti wala kaburi la kujengewa, waliacha mawe.

Katika miaka ya 1980 wataalamu wa Kijapani, wakiongozwa na Gen'ichi Omi wa Chuo Kikuu cha Shinshu, walichimba Mtongwe, jirani zetu hapa, wakapata zana za mawe za zama mbalimbali. Wengi hupenda kuziita silaha. Mimi nasita kidogo, maana nyingi za zana za namna hiyo ni visu vya kuchunia nyama na vyombo vya kuchimbia mizizi. Lakini vile vipande vyenye ncha vilivyofungwa kwenye mpini wa mti, hiyo ni mikuki hasa. Na fundi wake si mtu wa kugonga ovyo: alilitayarisha bonge kwanza, akalizungusha na kulipunguza pande zote, kisha kwa pigo moja akabandua kipande cha umbo alilolikusudia. Jaribu wewe, utajikata vidole.

Watu hao walikuwaje? Pango la Panga ya Saidi, huko Kilifi, limetupa jibu. Mwaka 2021 ilitangazwa kwamba humo alizikwa mtoto wa miaka kama mitatu, yapata miaka 78,000 iliyopita. Alilazwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa, na mifupa yaonyesha alifungwa kwa kitu kama sanda. Nilipoyasoma hayo nilinyamaza. Mambo ya hesabu ya miaka na Nabii Adam nawaachia masheikh. Lakini huyo aliyemlaza mwanawe hivyo hawezi kuitwa mnyama.

Sasa bara yetu yachimbwa. Barabara ya Dongo Kundu imepita, na eneo maalumu la viwanda limetengewa ekari zipatazo 3,000. Siyapingi, vijana wanataka kazi. Ila umri wa jiwe husomwa katika tabaka la udongo lililolalia. Likizolewa na tingatinga, likapakiwa kwenye lori kuwa kifusi cha kujazia msingi wa nyumba ya mtu, jiwe litakuwapo, lakini umri wake umekwenda.

Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 yamtaka anayegundua kitu cha kale atoe habari kwa Makumbusho katika siku 7. Vizuri, lakini dereva wa tingatinga atatoaje habari ya kitu asichokijua? Afadhali mtaalamu awepo kabla ya kuchimbwa, na walimu wa shule na madrasa za Likoni waonyeshwe mawe hayo yakoje. Makumbusho yako Fort Jesus, ng'ambo ya feri tu.