Bei ya gesi ya Mnazi Bay na pipa la mafuta

Gesi ya Mnazi Bay ni gesi asilia inayochimbwa Msimbati, mkoani Mtwara, kaskazini kwa mdomo wa mto Ruvuma. Iligunduliwa mwaka 1982 na kampuni ya Agip ya Italia. Tangu 2015 husafirishwa kwa bomba lenye urefu wa zaidi ya kilomita 500 kutoka Madimba hadi Dar es Salaam.

Bei ya mafuta ghafi hutajwa kwa pipa, yaani galoni 42 za Kimarekani au lita 159 hivi. Pipa lenyewe halibebi tena mafuta hayo. Limebaki kipimo tu. Gesi hupimwa kwa futi za ujazo, lakini kinachouzwa hasa ni joto lake, na kizio chake ni Btu milioni moja. Futi za ujazo 1,000 hutoa karibu kiasi hicho.

Mkataba wa mwaka 2014 kati ya wachimbaji, wakiongozwa na Maurel & Prom, na TPDC uliweka bei ya dola 3 kwa Btu milioni moja, ikipanda kufuatana na faharisi ya bei ya Marekani. Pipa la mafuta lina Btu milioni 5.8 hivi. Kwa hiyo gesi yenye joto la pipa moja iliuzwa kwa dola 17.40, wakati pipa la Brent katikati ya mwaka huo lilizidi dola 100.

Hesabu hiyo peke yake haithibitishi kwamba nchi ilipunjwa. Meli ya mafuta huenda kwa mnunuzi yeyote. Gesi hufika pale tu bomba linapoishia. Tena Januari 2016 Brent ilishuka chini ya dola 30, na bei ya Mnazi Bay haikuanguka nayo.

Ugumu uko kwenye mgawanyo. Gesi ya bei nafuu humsaidia mtumiaji wa umeme popote nchini. Lakini ushuru wa huduma wa halmashauri, uliokuwa asilimia 0.3 ya mauzo bomba lilipozinduliwa, hupungua bei ikiwa ndogo. Wananchi wa Mtwara walishalipinga bomba hilo Januari na Mei 2013, katika ghasia zilizoua watu.

Gesi ya bahari kuu, inayokusudiwa kusindikwa kuwa kimiminika Likong'o, Lindi, ni suala jingine: mikataba mingi ya gesi ya aina hiyo duniani hufuata bei ya pipa.