Arobaini ya mzazi isiwe ya kukandwa pekee

MJADALA kuhusu usalama wa akina mama nchini umeelekezwa kwa muda mrefu kwenye chumba cha kujifungulia. Ada za kujifungua katika hospitali za umma zilipofutwa mnamo Juni 2013, na baadaye mpango wa Linda Mama ukawekwa chini ya NHIF, lengo kuu lilikuwa kumfikisha mja mzito mikononi mwa mhudumu aliyehitimu.

Lengo hilo limezaa matunda. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa karibu watoto 9 kati ya 10 huzaliwa kwa usaidizi wa wahudumu wenye ujuzi. Hata hivyo, makadirio yaliyotokana na sensa ya 2019 yalikuwa vifo 355 vya akina mama kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai.

Hatari haikomi mtoto anapolia. Kuvuja damu, ambako huongoza kwa kuua wazazi, hutokea zaidi katika saa 24 za kwanza. Kifafa cha mimba na maambukizi ya kizazi vyaweza kuzuka siku kadhaa baadaye, mama akiwa tayari nyumbani. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani (WHO) hupendekeza mzazi akae kituoni angalau saa 24, kisha achunguzwe tena mara tatu kabla ya wiki sita kwisha.

Huko Likoni, Kisauni na Changamwe, wiki hizo zina jina lake: arobaini. Mzazi hukandwa kwa maji moto, hufungwa tumbo na kupikiwa uji wenye pilipili manga. Desturi hii ina hekima, kwani humpa mama mapumziko na watu wa kumtazama. Hesabu yake pia inakaribiana na siku 42 za madaktari.

Kasoro ni pale homa inapodhaniwa kuwa uchovu, au damu inayolowesha kitambaa kwa muda wa saa moja inapoitwa uchafu unaotoka. Mkandaji hodari hawezi kuziba mshipa unaovuja.

Jiografia nayo huongeza uzito. Likoni na Port Reitz zina hospitali zake, lakini mgonjwa aliyezidiwa huenda akapelekwa Hospitali Kuu ya Pwani, iliyo kisiwani. Wa Likoni hutegemea feri. Wa Kisauni hupitia daraja la Nyali lenye msongamano. Uamuzi wa kuondoka nyumbani ukichelewa, safari hiyo huwa ndefu maradufu.

Suluhisho si kuifuta arobaini, bali kuingiza kliniki ndani yake. Wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, waliozinduliwa kote nchini Septemba 2023, wanaweza kumtembelea mzazi na kuwafunza mama mkwe, nyanya na mkandaji dalili za hatari. Nayo SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, itapimwa kwa huduma za baada ya kujifungua vilevile, si kwa idadi ya waliojifungua pekee.

Uzazi ni vita. Askari hahesabiwi kuwa amepona hadi afike kwao salama.