Maji Moto Hawasubiri Lenzi Mpya

Msitudanganye kwamba mdudu mdogo anapigika picha kwa lenzi ya mamilioni tu. Mwaka jana mwenzangu wa shahada ya uzamili aliacha utafiti wake wa maji moto, wale chungu wakali wanaoshona majani. Aliambiwa kwamba bila lenzi maalumu ya makro picha zake hazitafaa. Mimi bado nina hasira.

Nina Helios 44-2, lenzi ya Kisovieti ya milimita 58. Fokasi unazungusha kwa mkono. Nyuma yake nimefunga mabomba ya kurefusha ambayo ndani hayana kioo, ni hewa tupu! Kazi yake ni kuisogeza lenzi mbali na sensa. Ukiisogeza milimita 58, chungu wa milimita 8 anatua kwenye sensa na milimita zake 8 kamili. Makro ndiyo hiyo, hata kama haina kasha la bei.

Ugumu upo, sikatai. Mwanga unapungua, na sehemu inayoonekana wazi ni nyembamba mno: jicho likikaa sawa, papasi zinapotea. Nabana upenyo hadi f/11, nawasha flashi, nasogea mbele na nyuma kwa unywele. Picha ishirini, moja inafaa. Na kung'atwa juu.

Wiki hii nimempelekea mwenzangu moja: maji moto kashika buu mdomoni, uzi wa hariri unaunganisha majani. Akauliza kama anaweza kurudia mada yake. Muda wa kubadili umeshapita.