Amani Ikichelewa, Mtoto Hachelewi Kukua

Ndugu wasomaji wa Oicha, Beni na Butembo, nawaomba tutafakari pamoja neno moja linalosemwa sana katika nyumba zetu tangu mauaji ya raia yaanze huku kwetu Oktoba 2014. Neno lenyewe ni hili: "Amani irudi kwanza, ndipo tutalea watoto vizuri." Hulisema baba ambaye shamba lake la kakao liko upande wa Mbau na hathubutu kulikanyaga. Hulisema mama aliyekimbia Eringeti, ambaye sasa analala na wanawe katika chumba kimoja cha kuazimwa hapa Oicha. Neno hilo linatoka katika uchungu wa kweli, na anayelisema hastahili kulaumiwa. Hata hivyo ni neno la hatari, na yatupasa kuliacha.

Hesabuni wenyewe. Mtoto aliyezaliwa mwezi ule wa Oktoba 2014 amekwisha kuvuka miaka kumi. Katika miaka hiyo amejifunza kutembea, kusema, kuuliza, kuhesabu na kuogopa. Mei 2021 mkoa wetu uliwekwa chini ya utawala wa kijeshi. Novemba mwaka huohuo majeshi ya Kongo na Uganda yakaanza operesheni ya pamoja. Wakati wote huo yeye alikuwa akikua, wala hakungoja tangazo la mtu. Vita vinaweza kufunga barabara ya kwenda Komanda, vinaweza kufunga shule na soko, lakini havifungi umri wa binadamu.

Aliyelieleza jambo hili kwa upana ni mtaalamu wa nafsi na malezi, Erik Erikson, aliyezaliwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1902. Huyu hakumjua baba yake mzazi. Alilelewa na mama yake na baba wa kambo, na swali la "mimi ni nani?" lilimfuata tangu ujana. Alisomea Vienna kwa Anna Freud, akahamia Marekani mwaka 1933, na mwaka 1950 akatoa kitabu chake kikubwa kuhusu utoto na jamii. Humo alifundisha kwamba maisha ya mtu yana hatua nane, tangu kuzaliwa hadi uzee, na kwamba katika kila hatua mtu anaidai jamii yake deni fulani. Deni likilipwa, anavuka akiwa na nguvu mpya ya moyo. Lisipolipwa halifutiki, bali huingia naye katika hatua inayofuata.

Deni la kwanza ni la mtoto mchanga, nalo ni kuamini. Kwa kilio chake anauliza swali moja tu: nikilia, yuko atakayekuja? Akijibiwa mara nyingi, moyo wake unapata tumaini. Mtauliza: tumaini gani katika nchi ya milio ya risasi? Basi sikieni yaliyoonekana London wakati wa Vita Kuu ya Pili, ndege za Ujerumani zilipoudondoshea mji ule mabomu. Anna Freud, yule mwalimu wa Erikson, pamoja na mwenzake Dorothy Burlingham, walifungua nyumba za kutunzia watoto wa vita. Waliona kwamba wengi wa watoto waliobaki na mama zao chini ya mabomu waliumia rohoni kidogo kuliko wale waliopelekwa mashambani penye usalama lakini mbali na mama. Mtoto mdogo huusoma ulimwengu katika uso wa anayembeba. Kwa hiyo, mama uliyekimbia usiku na mtoto mgongoni, usijione kuwa hukumpa kitu. Ulimpa kilicho kikubwa. Endelea kumpa: mwitikie anapolia, mwimbie, usimtishe kwa kumwambia adui anakuja ili tu anyamaze.

Wala Erikson hakusema mtoto aamini kila mtu. Alisema moyo mzima unachanganya imani na tahadhari, ila imani izidi. Sisi tuliopitia Ebola tangu Agosti 2018 hadi Juni 2020, tulipokatazwa kushikana mikono na kuwaosha wafu wetu, tunajua tahadhari ni nini. Kosa ni kuwalisha watoto tahadhari pekee, hadi kila jirani awe mshukiwa machoni pao.

Hatua ya pili na ya tatu, kuanzia mwaka mmoja na nusu hadi kama miaka sita, ni za mtoto anayetaka kufanya mwenyewe na kubuni mambo. Anataka kuvaa nguo peke yake, kubeba kidumu chake kidogo cha maji, kuuliza kwa nini. Humo hukua utashi na nia. Anachohitaji ni ruhusa na mpaka vilivyo wazi, pasipo matusi. Mtoto anayeaibishwa kila siku kwa kukojoa kitandani baada ya usiku wa hofu hujifunza kwamba yeye mwenyewe ndiye kosa. Na wale wadogo wanaocheza vita kwa bunduki za vijiti, msiwapige. Wanajaribu kuelewa walichokiona. Kaeni nao, waulizeni mchezo unaishaje, muwasaidie kuumaliza kwa watu kufika nyumbani salama.

Hatua ya nne ni ya umri wa shule ya msingi. Deni lake ni ustadi: mtoto aone kwamba mikono na akili yake vinaweza kuanza kazi na kuimaliza. Masomo ya msingi yametangazwa kuwa ya bure tangu 2019, lakini ubure haumfundishi mtoto kama darasa limegeuka malazi ya wakimbizi, au kama amehamishwa mara nyingi hata hajui aliachia wapi. Anayerudi darasani amepitwa na umri huketi nyuma, akichekwa, akianza kuamini kwamba hafai. Walimu, mkimwona mtoto huyo, mpeni jambo dogo analoweza kulitimiza leo, mkalisifu mbele ya wenzake. Wazazi, shule ikifungwa, kazi isifungwe. Kushona, kufuma kikapu, kusoma kitabu cha nyimbo za kanisa, kupiga hesabu za mauzo sokoni, yote hayo hujenga ustadi. Ila pawe na tofauti kati ya kumfundisha kazi na kumtwisha kazi. Mtoto anayebeba magunia ya kakao ya watu tangu alfajiri hajifunzi ustadi, anachoshwa tu.

Sasa nifike penye moto. Hatua ya tano ni ujana, toka kama miaka kumi na miwili hadi kumi na minane, na deni lake ni kujijua. Erikson, alipowatibu askari wa Marekani waliorudi vitani, aliwakuta watu waliopoteza uhakika wa wao ni nani, na kutoka hapo akaanza kueleza kile alichokiona pia kwa vijana. Kijana anatafuta jina, kundi, kazi na kitu cha kukitumikia kwa uaminifu. Wazee wetu walilijua hilo kabla ya kitabu chochote. Sisi Wayira tunampa mtoto nafasi kwa jina lenyewe, Paluku au Mumbere akiwa wa kwanza, Kambale akiwa wa pili, Masika kwa binti wa kwanza. Kulikuwa na olusumba, jando lililompeleka mvulana msituni pamoja na wenzake na kumrudisha akiwa mtu mbele ya kijiji. Kulikuwa na kyaghanda, ambako wanaume walizungumza jioni na vijana wakasikiliza.

Nani anampa kijana wa leo nafasi hiyo? Tukinyamaza, wapo wanaoitoa waziwazi. Kundi lenye silaha linampa jina jipya, ndugu wapya, adui wa kuchukia na bunduki ya kuheshimiwa nayo, yote kwa siku moja. Kijana hafuati bunduki kwa sababu ya njaa peke yake; wengi huifuata kwa sababu hapo ndipo pa kwanza walipoambiwa, "Tunakuhitaji." Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 inayomlinda mtoto inakataza kumwandikisha katika jeshi au kundi lolote la silaha. Jirani zetu wa Ituri walishuhudia Thomas Lubanga, kiongozi wa kundi lenye silaha, akihukumiwa mwaka 2012 huko La Haye kifungo cha miaka kumi na minne kwa kosa hilo. Hukumu ni ya haki, lakini hukumu huja baada ya mtoto kuharibiwa. Kinachomzuia kuondoka nyumbani ni watu wanaomhitaji kabla ya mwenye bunduki kumhitaji: kwaya, timu ya mpira, fundi wa pikipiki anayekubali mwanafunzi, mjomba anayemwita barazani na kumuuliza maoni yake.

Hatua ya sita ni ya kijana mkubwa anayetafuta mwenzi na urafiki wa kweli. Aliyepoteza shamba hana mbuzi wa mahari, na wengi hubaki wapweke au huishi pamoja kwa kujificha, wakiona aibu. Familia, punguzeni madai. Binti aliyeolewa kwa heshima na mbuzi wachache ana thamani ileile.

Hatua ya saba ni yetu sisi watu wazima. Deni letu limegeuka: sasa sisi ndio tunaodaiwa. Erikson alisema mtu mzima asiyelea kizazi kinachomfuata hudumaa, hata akiwa na fedha. Oicha inajua mfano wa mtu mzima aliyelipa deni hilo. Daktari Carl Becker, mmisionari wa Marekani, aliijenga hospitali hapa tangu miaka ya 1930, akawatunza maelfu ya wagonjwa wa ukoma na kuwafundisha wauguzi wa Kongo, mpaka uasi wa 1964 ulipomwondoa. Alikuwa tayari na umri wa babu, lakini alirudi kuwatumikia wagonjwa Nyankunde, kule Ituri. Na Septemba 2002 Nyankunde iliposhambuliwa, manusura wengi walishika njia ndefu ya miguu kuja Oicha. Kazi iliyopandwa na kizazi kimoja ikawa kimbilio la kingine.

Hatua ya nane ni uzee. Mzee anatazama nyuma na kuuliza kama maisha yake yalikuwa na maana. Mzee aliyeacha makaburi ya wazazi wake kijijini, akaja kukaa pembeni ya nyumba ya mkwe, anajibiwa vibaya na kila siku ya ukimya. Mpeni watoto wa kuwasimulia. Yeye ndiye ajuaye mipaka ya mashamba, nasaba, na namna watu walivyopatana zamani. Atapata utulivu, na mtoto atapata mizizi. Deni la umri wa mwisho na deni la umri wa kwanza hulipwa katika kikao kimoja.

Wapo watakaosema: samaki mkunje angali mbichi, na hawa wetu wamekwisha kukauka. Methali ni ya kweli kwa anayeanza malezi, lakini isitumiwe kumkatia mtu tamaa. Katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto waliozaliwa mwaka 1955 hadi utu uzima. Miongoni mwa waliokulia katika shida nyingi, kama theluthi moja walikuwa watu wazima wenye uwezo na upendo, na karibu kila mmoja wao alikuwa na angalau mtu mmoja aliyemjali kwa kudumu: bibi, mwalimu, jirani. Hata baadhi ya waliopotoka ujanani walinyooka baadaye. Deni linaweza kulipwa kwa kuchelewa, mradi yupo wa kulilipa.

Wengine watasema huyu Erikson ni Mzungu, hajui maisha yetu. Ni kweli kwamba miaka aliyoitaja haifungi watu wote, na maisha ya Vienna si ya Oicha. Lakini yeye mwenyewe alikwenda kujifunza kwa wenyeji wa asili wa Marekani wa kabila la Sioux na la Yurok, akaona kwamba kila jamii ina hekima yake ya kulea. Tuchukue mafundisho yake kama kipimo, na kazi tuifanye kwa desturi zetu.

Serikali na majeshi wana wajibu wa kutuletea usalama, na tusichoke kuudai. Lakini wajibu wao hauondoi wetu. Usiku wa leo, msomaji, kabla hujalala, mtafute mtoto mmoja au kijana mmoja au mzee mmoja katika parseli yako. Mwite kwa jina lake, mkalishe karibu nawe, msikilize mpaka amalize. Fanya hivyo na kesho, na kesho kutwa. Mkono mmoja haulei mwana, na mkono wako ni mmoja kati ya ile inayosubiriwa.